Hodi ya Nne

Kabla ya yote, mguu. Ukikaa mbele ya meza ya leza usitikise mguu. Najua nyie miguu yenu haitulii. Nawaona Jumamosi darasani, magoti yanapanda na kushuka chini ya meza kama mnaoshona kwa cherehani. Siwalaumu. Mimi nimekuwa hivyo tangu utotoni na sijapona. Haya ninayowaandikia nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya kaunta ya jikoni, kwa sababu nikikaa tu nakumbuka kitu ambacho sijakifanya, nainuka. Mwalimu wenu aliniomba niwaeleze kidogo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Alitaka ukurasa mmoja. Atanisamehe.

Kazi yenyewe ilikuwa kukamata vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, kuvishika kwa mwanga, na kuvihamisha.

Mdogo wangu Hamisi aliposikia mara ya kwanza aliwaambia watu wa Tanga kwamba Dada amefika Kanada akawa mganga. Hamna uganga. Mwanga una nguvu ya kusukuma na kuvuta, ila ni ndogo mno, haisogezi hata unyoya mezani. Lakini ukiukusanya mwanga wa leza kwa lenzi nzuri mpaka ukawa ncha moja nyembamba, kisha ncha hiyo ukaiweka ndani ya tone la maji, basi kitu kidogo kinachoelea humo kikipita karibu kinavutwa kwenye ncha na kubaki hapo. Ukiisogeza ncha, nacho kinakuja. Chukueni punje ya ufuta muiweke kwenye kijiko. Mpeleke kijiko mnakotaka, punje itateleza huku na huku lakini itarudi palepale penye bonde. Ncha ya mwanga ndiyo bonde la kijiko. Tulikiita kibano cha mwanga, na ndani ya kibano hicho tulishika shanga za plastiki ndogo kuliko vumbi, na baadaye chembe nyekundu za damu.

Ukiuzidisha mwanga unaipika chembe. Ukiupunguza mno inakutoroka. Hilo liko kwenye vitabu vyenu na sitalirudia. Nitawaambia yasiyo vitabuni.

La kwanza ni bangili. Nilikuja kwenye kazi ile nikiwa na bangili mbili za fedha za marehemu mama, nilizovishwa mkono ungali mdogo, na mkono ukakua ndani yake. Aliyenifundisha kazi, Mzee Anselmo, aliziona akarudi nyuma kama ameona nyoka. Mzee Anselmo alikuwa Mgoa wa Nairobi, fundi aliyeiunganisha meza ile bolti kwa bolti, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani cha karakana, kisichojua ngeli wala aibu.

“Wewe Tanga,” akaniambia, “leza hii hapana onekana. Naruka kwa bangili yako, nachoma macho yangu. Toa.”

Nikamwambia hazitoki. Akajaribu kwa sabuni, akajaribu kwa mafuta ya mashine, mwishowe akaleta utepe mweusi wa mafundi umeme akazizungushia zote mbili mpaka nikawa kama nimefungwa plasta ya kuvunjika. Kila asubuhi utepe mpya. Miwani ya kukinga macho kwanza, kisha utepe, ndipo tunawasha. Nanyi mkienda kwenye maabara zenu, saa, pete, mkufu, kila kinachong'aa, kiacheni nje. Mwanga usioonekana ndio mbaya zaidi, maana jicho halijui kufumba.

Jina la Tanga alinipa yeye, siku ya kwanza. Nilikuwa kiwanda cha miwani hapa hapa Toronto, mtaa wa Downsview, nang'arisha vioo, nikatumwa kupeleka lenzi chuoni mjini. Akazishika moja moja kwenye mwangaza, akauliza kwa Kiingereza ni nani aliyezing'arisha. Nikasema mimi. Nimejifunza wapi? Nikasema kwenye kofia. Hakuelewa, nikamweleza kwamba nilikuwa nikishona kofia za kutarizi, tundu kwa tundu, nikiwalea wadogo zangu. Neno “kofia” likamfanya anitazame upya.

“Wewe natoka wapi?”

“Tanga.”

Basi. Wanangu, sijui kama mmewahi kukaa mwaka mzima bila kusemeshwa Kiswahili na mtu asiye wa nyumbani kwenu. Kile Kiswahili chake kibovu kilinitoa machozi kwenye lifti. Baada ya muda mfupi nafasi ilipotokea, aliniita.

La pili ni rangi ya kucha. Tone la maji lenye chembe hukaa katikati ya vipande viwili vya kioo, na ukingoni lazima uzibe, la sivyo maji yanakauka na kila kitu kinaanza kutiririka upande mmoja. Kuna gundi za bei kubwa za kuzibia. Hakuna iliyo bora kuliko rangi ya kucha isiyo na rangi, ile ya dukani. Mzee Anselmo aliona aibu kuinunua, akawa ananituma mimi. Siku moja niko dukani na kikapu kimejaa vichupa, nikageuka nikamkuta mama mmoja tunayesali naye msikiti wa Thornhill. Akatazama kikapu, akanitazama mimi, akasalimia kwa adabu zote. Wiki ile ile darasa la akina mama likawa na mada ya udhu na kucha. Sheikha wa darasa alieleza kwa upole kwamba rangi ya kucha huzuia maji ya udhu, hakumtaja mtu, na wanawake wote walikuwa wakitazama vidole vyangu. Nikavinyoosha wavione vyema. Niliporudi kumweleza Mzee Anselmo alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaenda kuinunua mwenyewe, na huko akakutana na padri wake.

Ngoja nizime jiko.

Nimerudi. La tatu ndilo ninalotaka kuwaambia, mengine yalikuwa ya kunipasha moto.

Chumba chetu kilikuwa chini kabisa ya jengo, ambako simu haipati mtandao, kwa sababu juu kila treni ya barabarani ikipita meza inatetemeka. Meza yenyewe ilielea juu ya miguu iliyojazwa upepo. Hata hivyo kulikuwa na adui mmoja tusiyemweza, naye ni mlango. Mtu akifungua, upepo unaingia, sakafu inatikisika, na chembe uliyoihangaikia tangu asubuhi imekwenda. Tulikuwa na milango miwili, mmoja baada ya mwingine, na katikati kijia chembamba kilichobandikwa sponji ukutani. Juu ya mlango wa nje paliwaka taa nyekundu, maana yake usiingie. Wasomi wetu wote walijua maana yake, na wote waliingia. Kila mmoja alikuwa na neno moja tu la haraka.

Siku moja nilichoka, nikamwambia Mzee Anselmo kwamba kwetu mtu haingii hivi. Anapiga hodi. Akiitikiwa, anaingia. Asipoitikiwa, anapiga ya pili, kisha ya tatu, na ya tatu isipojibiwa anarudi alikotoka bila kinyongo. Mwenye nyumba hadaiwi sababu.

“Hiyo mimi najua,” Mzee akasema. “Kwa nini sisi hapana fanya?”

Tukafanya. Na ikafaulu pale taa iliposhindwa. Nadhani taa ilimwambia mtu asifanye kitu, na hodi ilimpa kitu cha kufanya. Walisimama kwenye kile kijia wakaita. Wengi waliivuta, “hoodi”, kama wanamwita mtu aliyepotea; kijana wa Quebec alisema “odi” mpaka alipohitimu. Hata Profesa wetu, mama mrefu mwenye sauti ya chini, alipiga tatu, hakuitikiwa, akarudi ofisini kwake ghorofa ya nne. Nilimsikia akienda nikaona haya, lakini Mzee Anselmo alininong'oneza kwamba hivyo ndivyo kazi inavyopata adabu.

Aliyeshindwa na hodi nilikuwa mimi.

Mtu wa kwetu akisikia hodi, mdomo unasema karibu kabla kichwa hakijaulizwa. Na mimi ninalo langu zaidi. Baba alikufa kwanza, kwa maradhi. Mama alimfuata mwaka ule ule. Alikuwa amelazwa, mimi niko barazani nashona kofia huku nimempakata Rukia, mdogo wetu wa mwisho, ambaye alikuwa bado wa kubebwa. Jirani akaja akapiga hodi. Nikaitikia kwa furaha, karibu, karibu ndani, nikidhani ameleta unga. Kofia niliiweka chini katikati ya tundu na sikuimalizia. Shule niliiacha kidato cha pili, na tangu siku ile sikio langu moja likabaki mlangoni. Nikila liko mlangoni, nikisali liko mlangoni. Hodi ikipigwa, naruka.

Sasa fikirini mtu wa namna hiyo kukaa mbele ya kibano. Nimeishika chembe vizuri, mtu anaita “hoodi”, nami nimeshasema karibu, mkono umeshtuka, chembe imekwenda, na mtu ameshaingia anauliza kama amenisumbua.

“Wewe Tanga, mdomo yako iko haraka kuliko leza,” Mzee Anselmo akasema. Kesho yake alikuja na kopo la karafuu kutoka duka la Wahindi. Nishike karafuu kwa meno ya mbele wakati wa kukamata. Ukiwa na karafuu menoni huwezi kusema karibu bila kuiangusha, na kabla hujaiangusha kichwa kinapata nafasi ya kukumbuka kazi. Kopo likawekwa kwenye rafu, kijia kile chote kikanuka pilau. Mdomo ulipona. Mkono haukupona, uliendelea kuruka, lakini kidogo.

Rukia alikua. Nilipomleta Toronto yeye na Hamisi, alikuwa msichana mwembamba mwenye maneno mengi, na alikuwa na selimundu. Tulijua tangu Tanga. Wenye ndugu wa selimundu mnajua, na msiojua, ni hivi: chembe nyekundu za damu zinapaswa kuwa laini, zijikunje, zipenye kwenye mishipa myembamba kuliko zenyewe kisha zirudi umbo lake. Za mgonjwa hukakamaa, zikajipinda kama mundu, zikaziba njia. Hapo maumivu. Baridi ya hapa huyaita, uchovu huyaita, na wakati mwingine huja yenyewe bila kuitwa.

Hivyo Profesa alipotuambia kwamba maabara itaacha shanga tupu na kuanza kupima chembe za wagonjwa wa selimundu, nilikwenda chooni nikanawa uso. Kazi ilikuwa hivi. Chembe moja inabandikwa shanga mbili, moja upande huu na nyingine upande ule. Ushanga mmoja tumeugandisha kwenye kioo, wa pili tunaushika kwa kibano na kuuvuta polepole mpaka chembe inanyooka. Kisha tunaurudisha polepole, na kamera inatazama chembe inavyorudi umbo lake. Ya mzima inarudi upesi. Ya mgonjwa inasitasita. Hospitali walitaka kujua inasitasita kiasi gani, kabla ya dawa na baada ya dawa.

Vichupa vilikuja na namba, bila majina. Hatukujua damu ya nani, na haikutuhusu kujua. Lakini mkono wangu haukukubali kwamba hauhusiki. Kila chembe niliivuta kama navuta kidole cha Rukia. Nilikuwa mwepesi kuachia na mzito kuvuta. Profesa aliniita, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba nisione aibu yoyote kubadilishana kiti na mtu mwingine, kuna kazi nyingi za lenzi. Nikamwomba anipe muda. Mzee Anselmo alikuwa ameshastaafu, yuko kwake na nyanya zake, sikuwa na wa kumlilia.

Ndipo Rukia akalazwa. Safari hii maumivu yalikuwa ya kifua, na kwa selimundu kifua si mchezo. Hospitali ilikuwa mtaa wa pili kutoka chuoni, naweza kufika kwa miguu bila koti kufungwa. Nilikaa naye tangu alipolazwa, Hamisi akija kutoka Pickering baada ya kazi, akilalamika kuhusu maegesho. Asubuhi moja nilipokea ujumbe wa Profesa: kuna damu ya mtoto inakuja mchana, mtoto anaanza dawa kesho yake, na damu ya kabla ya dawa haipatikani tena akishaanza. Aliyekaa kwenye kiti changu kwa muda alikuwa na homa. Hakuniamuru. Aliniuliza tu.

Sikutaka kwenda. Rukia, na bomba la hewa puani, alikuwa amesoma ujumbe kabla yangu, kwa sababu simu yangu aliishika yeye.

“Dada, nenda kazini.”

“Siendi.”

“Ukikaa hapo unanitazama kama unanipimia sanda. Mimi ndiye mgonjwa, na ni mimi ninayekuliwaza wewe. Nenda.”

Nikamwambia daktari amesema leo ndiyo siku ya kutazama, kama kifua kitafunguka au la. Akasema daktari atatazama, ndiyo kazi yake, nami niende kutazama ya kwangu. Hamisi atabaki.

“Likitokea la kutokea,” akasema, “Hamisi atakuja kukupigia hodi.” Akacheka mwenyewe, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja mbio. Hamisi alinishika bega akanitoa nje kama mtoto. “Nenda, Dada. Unamchosha kwa macho.”

Nikaenda. Nilifunga utepe kwenye bangili, nikavaa miwani, nikachukua karafuu, na sikumbuki njia yote ya kufika pale.

Damu mbichi haisubiri. Ikitoka mwilini inaanza kuchoka, na chembe iliyochoka haikwambii ukweli. Nilikamata ya kwanza nikaipoteza. Ya pili nikaivuta nusu, bomba fulani likagonga ukutani, mkono ukaruka. Nyingine ilijibandua kwenye ushanga kwa sababu niliivuta kwa pupa nimalize nikimbilie hospitali. Nilifanikiwa chache, nikapoteza nyingine. Kila nilipokuwa nangojea maji yatulie niliinuka, nikazunguka meza, nikakaa. Nilijua kwamba huko chini simu yangu ni kipande cha plastiki tu. Kama kuna habari, itakuja kwa miguu.

Jioni ilipokaribia nilipata chembe nzuri, imeshika shanga zote mbili sawasawa. Nikaanza kuvuta. Ikanyooka, ikanyooka, ikawa ndefu kama punje ya mpunga.

“Hodi.”

Haikuwa “hoodi” wala “odi”. Ilikuwa fupi, imekatwa, kama inavyopigwa barazani kwetu. Sponji ilimeza sauti, sikuweza kujua hata kama ni ya mwanamume au ya mwanamke. Lakini katika jengo lile lote hapakuwa na mtu wa kuipiga vile.

Karafuu ilivunjika menoni.

“Hodi.”

Niwaambieni nilichowaza, maana wengine wamenisifu kwa jambo hili na hawajui. Sikuwaza sayansi. Sikuwaza mtoto mwenye damu, Mungu anisamehe. Niliwaza ile kofia. Niliwaza kwamba habari iliyokwisha kufika mlangoni imekwisha kutokea. Kuitikia kwangu hakuileti na kunyamaza kwangu hakuizuii. Siku ile ya barazani, kama ningemaliza lile tundu kwanza, mama angekuwa amekufa vilevile, lakini ningekuwa nimepata tundu moja zaidi la kuwa na mama. Nililitaka tundu hilo. Nikashika mkono wangu wa kulia kwa wa kushoto, juu ya utepe wa bangili, nikaendelea kuvuta.

“Hodi.”

Ya tatu. Kisha hatua zikaondoka.

Nikaanza kuirudisha. Unarudisha polepole, polepole kuliko ulivyovuta, hapo ndipo wengi wanaharibu, wanadhani kuvuta ndiyo kazi. Chembe ilibaki ndefu. Ikasita. Sikupumua. Ikaanza kujikusanya, upande mmoja kwanza, halafu wa pili, kama mtu mzee anayeinuka kutoka kwenye mkeka. Ikarudi. Si mviringo kamili, lakini ilirudi. Kamera ilikuwa imeona yote. Nikapunguza mwanga kidogo kidogo mpaka ikaelea yenyewe, na hapo tu ndipo magoti yangu yalipokumbuka kupanda na kushuka. Nilikuwa sijatikisa mguu muda wote ule. Kulikuwa na kimya huko mlangoni, kimya kirefu, nami nilikaa ndani yake nikiwa bado nina mdogo wangu.

“Hodi.”

Wanangu, hodi ya nne haipo. Nilisimama nikaitema karafuu mkononi.

“Karibu.”

Akaingia Hamisi, koti wazi, jasho usoni. Nilimtazama mdomo.

“Anataka uji,” akasema. “Uji wa pilipili manga. Anasema wa hospitali ni maji ya kuoshea vyombo, na chupa yako ya chai iko wapi.”

Akaona uso wangu, na ndipo yeye naye akaogopa. Akasema haraka haraka kwamba kifua kimefunguka tangu adhuhuri, hewa wameipunguza, daktari ametabasamu, amekaa kitandani anabishana na kila mtu.

“Na hodi zako nne ni za nini?” nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka kama ya ugomvi.

“Ni yeye. Aliniambia, ‘Piga nne. Ukipiga tatu Dada atadhani nimekufa. Ya nne ajue ni mimi nimekutuma, ni mzima.’ Nikapiga tatu nikasahau. Nimefika kwenye lifti ndiyo nikakumbuka, nikarudi.”

“Hamisi.”

“Nimeacha gari mahali pabaya, Dada.”

Nilikaa chini sakafuni, pale pale kando ya meza, nikacheka, na mtu asingejua kama nacheka au nalia. Hamisi alikuwa na wasiwasi na gari lake. Nikamtuma nyumbani kwangu akalete chupa na unga. Damu ilikuwa bado haijachoka, nikarudi kwenye kiti nikaimaliza, na kazi ile niliyoifanya baada ya hodi ya nne Profesa aliitazama siku iliyofuata, hakunitajia tena habari za kubadilishana kiti.

Uji niliupika usiku huo kwenye jiko la wodini, kwa pilipili nyingi mno. Rukia aliumaliza, akasema una chumvi kidogo. Nikamwambia nyamaza.

Sasa mambo yamebadilika, nami sisikitiki. Wamenialika kwenda kuona. Kompyuta inazigawa ncha za mwanga zikawa nyingi, inazishika chembe kwa safu, inavuta na kurudisha zote kwa pamoja, na anayeiendesha amekaa chumba kingine anakula sandwichi. Mlango unafunguliwa kwa kadi. Hakuna anayetikisa chochote kwa mguu. Yule binti aliyenitembeza ni hodari, anajua mengi ambayo sikuyajua na sitayajua. Tulipofika kwenye kile kijia cha milango miwili alisimama, akaita “hoodi” kwenye chumba kisicho na mtu, akangoja kidogo, ndipo akapitisha kadi. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hajui, ndivyo alivyofundishwa hapa.

Mkiingia kwenye kazi hizi, au kazi yoyote ya mkono na jicho, fungeni bangili, tumieni rangi ya kucha, msivute kwa pupa, na rudisheni polepole kuliko mlivyovuta. Kama mna sikio lililobaki mlangoni, msilionee haya. Wekeni karafuu menoni mwendelee.

Rukia anaishi Pickering sasa, jengo moja na Hamisi, na bado hulazwa, na bado hutoka. Jumapili huja kwangu. Kengele ipo lakini haigusi. Husimama kwenye korido akapiga hodi kwa sauti, na jirani yangu Mfilipino amezoea. Moja. Mbili. Tatu. Najua ni yeye tangu ya kwanza, namsikia hata anavyohema baada ya ngazi. Lakini siinuki. Mimi, niliyeandika haya yote nimesimama, hukaa kwenye kiti changu, mikono juu ya magoti, mpaka nisikie ya nne.